KADI YAFIKA WAPI?

Twapenda kuwaeleza wasomaji jambo lililotupata sisi na jamaa zetu hapa Shelui, maana twajua ya kuwa wengi wamekwisha kupatwa na jambo kama hilo, na wengine wako njiani kulikuta.

Asiyeijua Shelui na aifikirie hivi. Barabara kuu itokayo Singida huteremka mlima wa Sekenke kwa mizunguko mingi, na madereva wa malori huuogopa mlima ule hata leo. Chini yake ndipo ulipo mji wetu. Ukiupita mji na kuelekea magharibi waingia mbuga ya Wembere, iliyo sawasawa kama sinia, kavu wakati wa kiangazi, na wakati wa masika tope tupu. Ng'ambo ya mbuga ni Igunga, nayo ni nchi ya mkoa wa Tabora. Basi sisi tu watu wa mpakani. Wanyiramba na Wasukuma tumeoana siku nyingi, ng'ombe hulisha pande zote mbili, na wachimba dhahabu hutujia kutoka kila upande, kwa kuwa dhahabu ya Sekenke ilijulikana tangu zamani za Wadachi. Hata mwaka 1916, wakati wa vita, walifanya sarafu kwa dhahabu hiyo huko Tabora. Mpaka wenyewe hauonekani kwa macho. Hapana ukuta wala boma, ila kibao tu kando ya barabara, na mbuzi hulala kivulini mwake.

Nao jirani zetu wa Igunga ndio waliotutangulia katika mambo haya ya bima. Mwaka 1996 serikali ilianzisha kwao, kwa kujaribu, Mfuko wa Afya ya Jamii. Kila nyumba ilitakiwa kulipa shilingi 5,000 kwa mwaka, kisha watu wake watibiwe pasipo kulipa tena kila waingiapo zahanati. Na kadiri ya fedha waliyotoa watu, serikali nayo iliongeza kadiri ile ile, ndiyo iliyoitwa tele kwa tele. Habari zile zilipovuka mbuga na kutufikia, wazee wetu wengi walitikisa kichwa. Walisema, kulipa kabla ya kuugua ni kujiitia ugonjwa. Wengine walisema, nikilipa nisiugue, fedha yangu imekwenda wapi? Swali hili la pili si la ujinga, wala hatukuweza kulijibu upesi. Hatimaye tulilijibu kwa mfano wa kusaidiana mazishini: mtu hutoa mahindi kila msiba utokeapo, wala hanung'uniki kwa kuwa yeye mwenyewe hajafa.

Mwaka 2001 ikatoka sheria ya kuueneza mfuko ule katika wilaya nyingine. Tena mwaka 2018 ukatengenezwa upya, ukawa wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa nyumba ya watu sita, na mwenye kadi akaruhusiwa kutibiwa tangu zahanati ya kijijini mpaka hospitali ya mkoa wake. Wasomaji watuvumilie kwa kutaja maneno haya mawili, mkoa wake, maana habari yetu yote imefungwa humo.

Sisi waalimu hatumo katika mfuko huo. Sisi tumo katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Hukatwa katika mshahara wetu sehemu 3 kwa mia, na mwajiri huongeza 3 nyingine, nayo kadi yetu hukubaliwa katika nchi nzima, popote penye hospitali iliyopatana na mfuko. Mwalimu hutibiwa pamoja na mwenzi wake na wategemezi wanne, yaani watoto wake, au wazazi wake, au wazazi wa mwenzi wake.

Basi mama yetu mzazi alifariki tungali wadogo, tukalelewa na dada yake, mama yetu mkubwa. Yeye ndiye aliyetupeleka shule, na yeye ndiye aliyeuza pombe ya mtama mpaka tukapata nguo ya kuvaa siku ya kwanza. (Baadaye aliacha kuipika, akawa mwanafunzi wa ubatizo, lakini nguo ilikuwa imekwisha kununuliwa.) Katika desturi zetu hapana tofauti yo yote kati ya mama na mama mkubwa. Lakini tulipojaza karatasi za mfuko wa waalimu, tuliulizwa cheti cha kuzaliwa, na katika cheti kile jina lake halimo. Hatumlaumu karani. Karatasi haikumjua mama mkubwa, ndiyo yote.

Tukafanya shauri jingine. Tukamtolea shilingi 30,000, tukamwandikisha katika mfuko wa jamii yeye na wajukuu watano anaokaa nao, wakawa sita kamili. Tulifurahi sana siku ile. Tulimpa kadi mkononi tukamwambia, 'Mama, sasa ukiugua, hii ndiyo fedha yako.' Hayo ndiyo maneno yetu wenyewe, twayakumbuka neno kwa neno, maana yalikuja kutuuma.

Mwaka 2019, baada ya mavuno, mama mkubwa alivuka Wembere kwenda kumtazama binti yake aliyeolewa katika mkoa wa Tabora. Akakaa juma moja. Asubuhi moja alipotaka kuinua ndoo, mkono wake wa kuume ulikataa, na mdomo ukaenda upande. Wakampeleka hospitali. Waganga walimpokea, wakampima damu inavyokwenda, wakampa dawa ya kwanza. Kisha binti yake akatoa kadi. Karani akaitazama, akasema kwa upole, 'Kadi hii ni ya mkoa wa Singida.' Naye alisema kweli.

Binti yake hakuwa na fedha. Akatupigia simu, nasi hatukuwa nayo ya kutosha, maana ilikuwa mwisho wa mwezi. Wakafanya shauri kwa haraka, kama watu wafanyavyo wakiwa na hofu: afadhali wamrudishe upande ambao kadi yake yafanya kazi. Wakakodi gari, wakavuka mbuga usiku. Walifika kituo cha afya cha Shelui karibu na mapambazuko, na kutoka hapa akapelekwa Kiomboi, kisha Singida. Huko kadi ilikubaliwa mara moja, wala hatukulipa hata senti. Lakini mganga mmoja alituambia ya kuwa katika ugonjwa huu saa za kwanza ndizo zenye faida kubwa, na mgonjwa asichukuliwe huku na huku. Mama mkubwa alipona, ila mkono wa kuume haukurudi, na mguu hukokota mpaka leo.

Tulirudi nyumbani tukatafuta kijitabu tulichopewa siku ya kumwandikisha. Tulikikuta katika sanduku la vitabu vya shule. Mlikuwa na maneno wazi kabisa juu ya mahali kadi itakapokubaliwa. Tena pembeni mlikuwa na alama ya kalamu yetu: tulikuwa tumeyasoma! Kwa kuwa kadi yetu wenyewe huvuka Wembere na kufika hata Dar es Salaam, hatukufikiri ya kuwa yake itasimama kibaoni. Mtu asiyejua kusoma angepata udhuru, lakini sisi hatukuwa nao.

Wakati mama mkubwa alipokuwa akijifunza kutembea tena, alikuja kumtazama Bibi Mwalimu. Hatutamtaja jina, kwa kuwa hakutupa ruhusa. Ni mwenyeji wa Minnesota katika Marekani, na hapa Iramba amekaa tangu ujana wake. Wasomaji wa huku wajua ya kuwa wamisionari wa Kilutheri wa Augustana walitujia kutoka Marekani katika miaka ya 1920, nao ndio walioanza hospitali za Kiomboi na Iambi na chuo cha waalimu cha Kinampanda. Bibi ni wa kizazi cha nyuma sana kuliko hao, lakini alikuja kwa njia ile ile. Ndiye aliyemfundisha mama mkubwa kusoma, katika darasa la wanawake chini ya mwembe.

Akaketi juu ya kigoda, akapewa uji, akaulizwa hali. Mama mkubwa akamweleza safari yake yote, akamaliza kwa kusema, 'Kadi yangu iligoma Wembere.'

Bibi akacheka kidogo, akasema, 'Yangu mimi, mama, hugoma baharini.'

Tukamwomba atueleze, maana sisi tulidhani watu wa Marekani hawana shida ya namna hii. Akatueleza siku ile, na siku nyingine nyingi baada ya hiyo, nasi twaandika hapa tulivyomwelewa.

Katika Marekani hapana mfuko mmoja wa watu wote. Wengi hupata bima kwa mwajiri wao. Wazee waliotimiza miaka 65 wana bima ya serikali iitwayo Medicare, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1965. Maskini wana yao. Lakini walibaki mamilioni ya watu wasio na kitu, kwa kuwa hawakuwa wazee wala maskini sana, wala mwajiri wao hakuwapa. Tena makampuni ya bima yaliweza kumkataa mtu kwa sababu ana ugonjwa tayari, kama vile mtu akatae kumwuzia mwavuli aliyekwisha kunyeshewa. Basi tarehe 23 Machi 2010 Rais Barack Obama alitia sahihi sheria kubwa ya kuyatengeneza mambo hayo. Tangu mwaka 2014 makampuni yalikatazwa kumkataa mgonjwa. Na kila mtu, isipokuwa wachache waliosamehewa, alitakiwa kuwa na bima, na asiyekuwa nayo atozwe faini pamoja na kodi yake ya mwaka.

Hapo ndipo hofu ya Bibi ilipoanzia. Maana Marekani ina desturi ambayo nchi nyingi hazina: raia wake huandika hesabu ya kodi kila mwaka kwa serikali yake hata akiwa anakaa Shelui. Faini ikiwa imo katika kodi, basi faini yaweza kuvuka bahari. Nayo haikuwa ndogo. Kwa mwaka 2016 ilikuwa dola 695 kwa mtu mzima, au sehemu 2 na nusu kwa mia ya mapato yake yapitayo kiasi fulani, ile iliyo kubwa. Lakini bima yenyewe, ile iliyouzwa katika soko jipya la serikali, haikuwa halali kwake kuinunua, kwa sababu soko lile ni la wakaao ndani ya Marekani. Tukamwuliza, 'Yaani utozwe faini kwa kukosa kitu usichoruhusiwa kununua?' Akasema hapana, waliotunga sheria walikumbuka. Raia aliyekaa nje siku 330 katika miezi 12 mfululizo huhesabiwa kana kwamba anayo bima. Vivyo hivyo yule ambaye ni mkazi wa kweli wa nchi nyingine kwa mwaka mzima.

Ndipo alipotuonyesha kalenda zake. Jamani, tulicheka! Mwanamke huyu, aliyewafundisha watu wa Iramba hesabu, alikuwa amepiga mistari katika kalenda ya ukutani kama mfungwa ahesabuye siku zake. Alijua ya kuwa akienda kwao asizidishe siku 35. Mwaka 2015 baba yake aliugua, akaenda. Siku zikapita, mzee hafi wala haponi, na Bibi akiketi kando ya kitanda alikuwa akihesabu kwa vidole chini ya shuka, naye aliona haya kwa kuhesabu. Siku ya 35 ikapita. Akabaki mpaka alipomzika. Aliporudi hapa aliandika barua kwa mtu ajuaye mambo ya kodi, naye akamjibu kwa mistari miwili ya kuwa asisumbuke, maana yeye ni mkazi wa Tanzania kwa miaka mingi, na ile njia ya pili yamtosha. Alikuwa amehesabu siku bure. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 2017, faini ile ya serikali kuu ikafanywa kuwa sifuri tangu mwaka 2019.

Wala isidhaniwe ya kuwa matengenezo yale yaliwaletea watu wa ng'ambo hofu tupu. Bibi alitutajia mume na mke, rafiki zake, waliorudi kwao mwaka 2016 na mtoto mwenye ugonjwa wa sukari. Zamani wangaliweza kukataliwa na kila kampuni, maana ugonjwa ulikuwa tayari mwilini. Sasa mtu arudipo kutoka nchi za nje hupewa siku 60 za kununua bima, wala haulizwi ugonjwa gani anao. Walinunua, na mtoto hakukosa dawa yake. Bibi alisema kama si sheria hiyo, wale wawili wangaliogopa kurudi, au wangaliogopa kuja tangu mwanzo.

Sasa twafika kwenye jambo tulilo na sehemu yetu ndani yake.

Mwaka 2020 Bibi alitimiza miaka 65. Medicare ina mafungu. Fungu la kulazwa hospitalini alilipata bila malipo, kwa sababu ya kodi zilizolipwa miaka ya kazi yake. Fungu la pili, la waganga na matibabu ya nje, hulipiwa kila mwezi, na mwaka ule lilikuwa dola 144 na senti 60, yaani zaidi ya shilingi 330,000 za kwetu kwa mwezi mmoja. Na yote mawili, isipokuwa kwa mambo machache sana, hayalipi matibabu nje ya Marekani. Afadhali basi asilipe, si ndiyo? Lakini asiyejiandikisha kwa wakati wake, atakapotaka kuingia baadaye ataongezewa sehemu 10 kwa mia kwa kila mwaka mzima aliochelewa, na nyongeza hiyo haiondoki mpaka afe. Iko ruhusa ya pekee kwa wale wanaojitolea katika nchi za nje chini ya chama kisicho cha faida kwa mwaka au zaidi, wakiwa na bima nyingine: hao hawatozwi nyongeza. Lakini Bibi alikuwa amekwisha kustaafu katika kazi ya misioni, akabaki hapa kwa mapenzi yake mwenyewe, kwa kuwa alisema kwao hana tena jirani amjuaye. Chama hakuwa nacho. Ruhusa ile haikumhusu.

Alikuja kwetu na karatasi zake akatutaka shauri, maana alituona kuwa watu wa hesabu. Tukaketi mezani jioni nzima. Tukafanya hesabu kwa chaki juu ya ubao wa mwanetu. Kulipa dola zile kila mwezi kwa ajili ya hospitali iliyo ng'ambo ya bahari tuliona ni kama kulipia shamba lisilolimwa. Tukamwambia, 'Bibi, utazeeka hapa na utazikwa hapa. Usilipe.' Naye hakulipa.

Msomaji ataona ya kuwa ilikuwa mara ya pili sisi kumwambia mama mzee neno la hakika juu ya kadi.

Mwezi wa Oktoba 2023 Bibi aliteleza katika ngazi za nyumba yake, akavunjika nyonga. Alipasuliwa hapa nchini, na waganga walifanya kazi nzuri, lakini alilipa yote kwa fedha yake. Wanawake wa darasa la zamani walipita nyumba kwa nyumba. Wakaleta kuku, mayai, mtama, na fedha kidogo kidogo iliyofungwa katika vitambaa. Mama mkubwa naye alileta shilingi 2,000 kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa kutoa kwa mkono ule. Bibi alilia sana. Kadi hakuwa nayo, lakini hakulala na njaa hata siku moja. Hata hivyo kuku hawawezi kumfundisha mtu kutembea tena. Alihitaji miezi ya kuangaliwa, na dada yake kule Minnesota alimwita. Akaondoka mwezi wa Januari 2024, kwa sababu mlango wa kujiandikisha kwa waliochelewa hufunguliwa miezi mitatu tu, tangu Januari mpaka Machi.

Alikuwa amechelewa miaka mitatu kamili na kitu. Akaongezewa sehemu 30 kwa mia. Malipo ya mwaka 2024 yalikuwa dola 174 na senti 70 kwa mwezi. Yeye mwaka ule alilipa dola 227 hivi. Tulipopata barua yake tuliichukua chaki tukafanya hesabu upya. Fedha aliyoiweka kwa kutolipa ile miaka mitatu na zaidi ilikuwa nyingi kuliko nyongeza ya miaka kadhaa ijayo, basi kwa hesabu hatukumdanganya sana. Lakini katika hesabu yetu ya kwanza hatukuandika mahali po pote ya kuwa mtu aweza kuanguka ngazini.

Ilikuwa katika siku zile zile za ugonjwa wake, mwezi wa Novemba 2023, Bunge letu lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, baada ya mswada kufikishwa mwaka uliotangulia na kuahirishwa. Yataka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima. Tuliisoma habari yake kando ya kitanda cha Bibi. Watu wengine waliuliza kwanza ni shilingi ngapi, nao walikuwa na haki ya kuuliza, maana nyumba nyingi hapa huona shilingi nyingi mara moja tu kwa mwaka, alizeti ziuzwapo. Sisi twaona swali la mahali ni kubwa sawasawa na swali la bei. Mchimba dhahabu aliyeandikishwa Geita hukaa hapa miezi sita. Mchungaji wa ng'ombe hulala Wembere, leo mkoa huu, kesho mkoa ule. Binti huolewa ng'ambo. Watu hawa wote hulipa kwao na kuugua kwingine.

Na mambo haya yameenea pote kando yetu. Kenya nayo ilitunga sheria yake mwaka 2023, ikauondoa mfuko wao wa zamani wa tangu mwaka 1966, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mshahara hukatwa sehemu 2 na robo tatu kwa mia. Hata mgeni akaaye huko zaidi ya miezi 12 hupaswa kujiandikisha. Siku hiyo hiyo Zanzibar ilianza kuwatoza wageni waingiao kutoka nchi za nje dola 44 za bima. Jirani yetu ana mwana afanyaye kazi Nairobi, naye hukatwa kila mwezi. Mkewe na watoto wake walio naye wamo katika bima hiyo, lakini mamake aliye hapa hayumo. Tulipomweleza mama yule alisema, 'Kumbe hata huko hawamjui mama.' Hatukuwa na la kumjibu.

Siku hizi Jumapili baada ya ibada watu hutuletea kadi na karatasi zao tuwasomee. Hatusemi tena, hii ndiyo fedha yako. Twawasomea majina yaliyomo, na siku ya mwisho wake, na mahali itakapokubaliwa, tena twawauliza juma hili watasafiri kwenda wapi. Wengine hukasirika kwa kuulizwa habari za safari zao, hasa vijana. Mzee mmoja alituuliza kama sisi tumekuwa polisi.

Mama mkubwa hatukumwandikisha tena mahali pamoja tu na kunyamaza. Sasa akitaka kuvuka Wembere hutuambia siku mbili mbele, nasi twampa binti yake fedha ya kuweka kando kabla hajafika, iwe pale isiguswe. Mara mbili amerudi nayo yote, amekuja kuihesabu mbele yetu noti kwa noti.

Barua ya mwisho ya Bibi ilifika kabla ya Pasaka. Aeleza ya kuwa atembea kwa fimbo moja. Siku alipokwenda kujiandikisha, karani alitazama karatasi zake akamwuliza, miaka yote hiyo alikuwa wapi hata asijiandikishe. Akasema, 'Shelui.' Karani akamwomba alitaje herufi moja moja, akaliandika. Tulipomsomea mama mkubwa mahali hapo alitutaka tusome tena. Kisha akauliza kama yule karani aliliandika sawasawa, akaomba karatasi, akaliandika yeye mwenyewe kwa mkono wa kushoto, polepole, ili tulitie ndani ya bahasha pamoja na majibu.